Utajiri Ulioachwa Mlimani: Utangulizi wa Sanaa na Historia ya Mahekalu ya Hija ya Wajaini

Watawa wa Kijaini hawamiliki kitu. Hutembea pekupeku kutoka mji hadi mji, hula chakula wanachopewa na waumini, na hutulia mahali pamoja katika miezi minne ya mvua tu. Watawa wanaume wa madhehebu ya Digambara wameacha hata nguo. Lakini jamii hiyohiyo inayowaheshimu watawa hawa ndiyo iliyojenga baadhi ya majengo yenye nakshi nyingi kupita yote Bara Hindi: dari za marumaru nyeupe zilizochongwa nyembamba hadi mwanga ukapenya, kumbi zenye nguzo kwa mamia, na vilele vya milima vilivyogeuka miji ya mahekalu. Kila anayeingia katika taaluma hii hukutana na swali hilo tangu mlangoni: imekuwaje dini ya kuacha mali ikazaa sanaa ya gharama kubwa namna hii?

Jibu ninalolitetea katika utangulizi huu ni kwamba mambo hayo mawili hayagongani. Mtawa huacha mali kwa mara moja, siku anapokula kiapo. Muumini wa kawaida, mwenye duka, mke, watoto na madeni, huiacha kidogo kidogo, na hekalu ni mahali pakuu pa kuiachia. Kwa hiyo mahekalu ya hija husomeka vizuri zaidi tukianza na mtu aliyetoa na mtu anayepanda mlima, kisha ndipo tuwafikie wafalme, mitindo na tarehe. Karibu, msomaji, tuanze hapo.

Imani iliyo nyuma ya jiwe

Wajaini hawaamini kuwa ulimwengu una muumba. Wanaamini kwamba kila kiumbe, kuanzia mwanadamu hadi mdudu na mche, kina roho iliyolemewa na uzito wa matendo yake, nayo huzaliwa na kufa tena na tena mpaka ijitakase. Kutodhuru kiumbe chochote na kutong'ang'ania mali ndizo nidhamu za kujitakasa. Walioonyesha njia hiyo katika zama hizi ni walimu 24 waitwao Tirthankara, yaani wenye kutengeneza kivuko. Wa kwanza ni Rishabha, ambaye mahekaluni hujulikana zaidi kwa jina la Adinatha. Wa 22 ni Neminatha, wa 23 ni Parshvanatha, na wa mwisho ni Mahavira, aliyeishi katika eneo ambalo leo ni Bihar, zama moja na Buddha. Mapokeo ya madhehebu ya Shvetambara husema alifariki mwaka 527 K.K.

Kuna jambo moja la imani ambalo mgeni asipolielewa hataielewa sanaa yenyewe. Tirthankara amekwisha kukombolewa na hana tena shughuli na dunia. Hateremshi mvua, hatoi mtoto, wala hapokei sadaka iliyowekwa mbele yake. Muumini humwendea ili amtazame, amsifu, na kwa kumtazama ajikumbushe kile ambacho roho yake mwenyewe inaweza kuwa. Ndiyo maana uso wa sanamu umetulia na haumwelekei mtu yeyote. Mwenye haja za dunia huzipeleka kwa walinzi wa Tirthankara, kama vile Ambika, Padmavati na Chakreshvari, ambao nao wana nafasi zao hekaluni, pembeni.

Wajaini wana madhehebu mawili makubwa. Washvetambara, ambao watawa wao huvaa nguo nyeupe, wana nguvu zaidi Gujarat na Rajasthan. Wadigambara wana historia ndefu Karnataka, Maharashtra na Bara Hindi ya kati. Tena wapo Washvetambara wasioabudu kwa sanamu kabisa, yaani Wasthanakavasi na Waterapanthi. Msomaji asidhani basi kwamba kila Mjaini ni mtu wa mahekalu. Mjadala juu ya uhalali wa sanamu umekuwamo ndani ya jamii yenyewe tangu karne ya 15, na maandiko mengi ya kutetea mahekalu yaliandikwa kuwajibu ndugu hao.

Milima na njia zake

Mahali pa hija huwa patakatifu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Tirthankara au watakatifu wengine walizaliwa, walijinyima au walikombolewa hapo. Ya pili ni kwamba pana sanamu inayoaminika kuwa na miujiza. Milima mikubwa ni ya kundi la kwanza. Katika mlima Parasnath, jimbo la Jharkhand, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,300, Wajaini wanaamini kwamba Tirthankara 20 kati ya 24 walikombolewa. Wao huuita Sammed Shikhar, na madhehebu yote mawili huuheshimu. Neminatha alikombolewa Girnar, Gujarat, ambako ngazi za mawe hukaribia 10,000. Mahavira alifia Pavapuri, Bihar, na hekalu lake linasimama katikati ya ziwa lililojaa mayungiyungi.

Shatrunjaya, juu ya mji wa Palitana huko Gujarat, ndio mlima mtukufu kuliko yote kwa Washvetambara. Hapa Adinatha hakukombolewa, ila wanasema aliuzuru mara nyingi mno, na mwanafunzi wake mkuu, Pundarika, alikombolewa juu yake. Mlima una urefu wa mita 600 hivi, na njia yake ina ngazi zaidi ya 3,500. Juu kuna mahekalu zaidi ya 800, makubwa na madogo, yaliyopangwa ndani ya maboma yenye kuta nene na malango. Hakuna anayelala huko. Jioni mahujaji na makuhani wote hushuka, na mji mzima wa marumaru hubaki mtupu hadi alfajiri.

Hija yenyewe ina nidhamu yake. Wanaoweza hupanda kwa miguu. Wazee na wagonjwa hubebwa kwa machela. Wengi hufunga kula na kunywa wakiwa mlimani. Wapo wanaoweka nia ya kupanda mara 99 katika msimu mmoja, kwa kufuata hesabu ambayo mapokeo huihusisha na ziara za Adinatha. Miezi minne ya mvua hija husimama, kwa kuwa ardhi imejaa vijidudu na mimea michanga ambayo mguu ungeikanyaga. Hufunguliwa tena siku ya mwezi mpevu wa Kartik, mwezi wa Oktoba au Novemba. Siku hiyo, katika miji iliyo mbali na Palitana, kitambaa kikubwa kilichochorwa mlima wote, njia, maboma na mahekalu, hutundikwa hadharani, na wasioweza kusafiri husimama mbele yake wakafanya ibada ya mlima. Vitambaa hivyo ni ramani, ni michoro, na ni hija kwa wakati mmoja; vingine leo vimo katika makumbusho, ambako mtazamaji asiyejua matumizi yake hudhani ni mapambo ya ukutani.

Kutoka Mathura hadi Shravanabelagola

Ushahidi mkubwa wa mwanzo wa sanaa hii umetoka Mathura, kusini mwa Delhi, katika kilima kidogo cha Kankali Tila kilichofukuliwa kwa awamu mwishoni mwa karne ya 19. Humo zilipatikana sanamu, malango, na vibao vya ibada vya karne ya 1 K.K. hadi karne ya 3 baada ya Kristo. Jambo la thamani kuliko yote ni maandishi yaliyochongwa kwenye vibao hivyo. Yanataja waliotoa: mke wa mfanyabiashara, mfua chuma, muuza manukato, binti wa mwanamke wa starehe. Mara nyingi yanamtaja pia mtawa wa kike aliyewahimiza. Wafalme hutajwa kwa ajili ya kuonyesha mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha sanaa ya Kijaini kilianza kujazwa na watu wa aina hii, wengi wao wanawake.

Wafalme nao walikuwamo. Kharavela wa Kalinga, katika Odisha ya leo, aliwachongea watawa mapango kwenye vilima vya Udayagiri na Khandagiri, akaacha maandishi marefu yanayosema alirudisha sanamu ya Jina, yaani Tirthankara, iliyokuwa imetekwa na mfalme wa nasaba ya Nanda. Mwaka 634 huko Aihole, Karnataka, mshairi Ravikirti alijenga hekalu juu ya kilima na katika maandishi yake akajilinganisha na Kalidasa na Bharavi, malenga wakubwa wa Kisanskriti. Huko Ellora, Maharashtra, mapango ya Kijaini namba 30 hadi 34 yalichongwa karibu na ya Wabuddha na Wahindu, zaidi katika karne za 9 na 10, na nakshi za pango la 32 ni za ustadi wa hali ya juu.

Kilele cha sanaa ya kusini kiko Shravanabelagola. Yapata mwaka 981 Chavundaraya, waziri na jemadari wa ufalme wa Waganga, aliamuru sanamu ya Bahubali, mwana wa Adinatha, ichongwe juu ya mwamba wa kilima cha Vindhyagiri. Sanamu ina urefu wa zaidi ya mita 17, imetoka katika jiwe moja la matale, na imesimama uchi bila nguzo wala ukuta wa kuiegemea kuanzia mapajani kwenda juu. Bahubali alishinda vita vya kugombea ufalme na nduguye, kisha akauacha ufalme wenyewe akasimama kutafakari hadi mimea inayotambaa ikampanda miguuni na mikononi. Mchongaji ameionyesha mimea hiyo pamoja na vichuguu miguuni pake. Kila baada ya miaka 12 hivi hujengwa jukwaa nyuma yake, na waumini humwogesha kwa maji, maziwa, manjano na msandali kutoka kichwani. Mara ya karibuni ilikuwa mwaka 2018. Jemadari ndiye aliyelipia sanamu ya mtu aliyekataa ushindi wake mwenyewe. Ukitaka hoja ya utangulizi huu kwa jiwe moja, ndiyo hiyo.

Marumaru ya Abu na Ranakpur

Magharibi mwa Bara Hindi, chini ya nasaba ya Wachaulukya wa Gujarat, ulikomaa mtindo ambao wataalamu huuita Maru-Gurjara. Mfano wake maarufu ni mahekalu ya Dilwara katika mlima Abu, Rajasthan. Vimala, waziri wa mfalme Bhima wa Kwanza, alijenga la kwanza mwaka 1031 kwa heshima ya Adinatha. Mwaka 1230 liliwekwa wakfu la pili, la Neminatha, lililojengwa na ndugu wawili mawaziri, Vastupala na Tejapala. Maandishi yake yanasema Tejapala alilijenga kwa ajili ya thawabu ya mkewe, Anupamadevi, na mwanawe. Marumaru ilipandishwa mlimani kutoka machimbo ya Arasur, na msanifu anatajwa kwa jina: Shobhanadeva.

Kwa nje mahekalu haya hayaonyeshi kitu. Kuta ni tupu, mnara ni mfupi. Fahari yote imewekwa ndani. Dari ya ukumbi wa kati ni kuba la miduara ya mawe juu ya mawe, kila duara likisogea ndani kidogo kuliko la chini yake, hadi juu linapofungwa na ua kubwa la marumaru linaloning'inia kichwachini. Hakuna tao la kweli. Jengo zima husimama kwa uzito wa jiwe juu ya jiwe na kwa mabano yanayoupeleka uzito huo kwenye nguzo. Katika kuba la hekalu la Vimala, miungu wa kike 16 wa elimu wamesimama kwa duara kana kwamba ndio wanaolibeba. Mapokeo ya watu husema wachongaji walilipwa kwa kupima vumbi la marumaru waliyoikwangua, ili wazidi kuchonga bila kuchoka. Lichukuliwe kama simulizi, lakini ni simulizi linaloeleza vyema kile ambacho jicho huona.

Miaka 200 baadaye, kwenye bonde la Ranakpur katika ufalme wa Mewar, mfanyabiashara Dharna Shah alipata ardhi na ulinzi wa mfalme Kumbha akajenga hekalu la Adinatha lenye maandishi ya mwaka 1439. Msanifu wake, Depa, aliiweka katikati sanamu yenye nyuso nne, kila uso ukitazama lango lake, kisha akaukunjua mpango mzima kuelekea pande nne kwa ulinganifu kamili. Hesabu ya mapokeo ni nguzo 1,444, nazo husifiwa kwamba hakuna mbili zenye nakshi sawa. Abu humfanya mtu atazame juu. Ranakpur humfanya ageuke huku na huku, kwa maana kila hatua inafungua njia mpya ya mwanga kati ya nguzo, na sanamu ya kati huonekana, hupotea, na huonekana tena.

Namna ya kulisoma hekalu

Mwanafunzi mpya na afuate njia ya muumini. Kwanza ni lango na ua. Kuuzunguka ua mara nyingi kuna safu ya vichumba vidogo, kila kimoja na sanamu yake na, mara nyingi, jina la familia iliyokitoa. Katikati ya ua lipo hekalu lenyewe: ukumbi wa wazi wa nguzo, ukumbi uliofungwa, kisha chumba cha ndani chenye giza kilichobeba mnara, na humo sanamu kuu inayolipa hekalu jina lake. Mpango huu unakumbusha baraza ambamo, kwa mujibu wa maandiko, kila Tirthankara aliwahubiria miungu, watu na wanyama kwa pamoja, wote wakimwona uso kwa uso. Sanamu zenye nyuso nne zimetokana na wazo hilo.

Sanamu huwa na mikao miwili tu: kuketi miguu imekunjwa, au kusimama wima mikono imening'inia. Kwa kuwa Tirthankara wote wamefikia ukamilifu uleule, nyuso na miili yao hufanana, na anayetaka kuwatofautisha hutazama alama iliyochongwa chini: fahali kwa Adinatha, kome kubwa la kupulizwa kwa Neminatha, simba kwa Mahavira. Parshvanatha ana alama ya nyoka, na hutambulika upesi kwa vichwa vya nyoka vilivyomfunika kama mwavuli. Sanamu ya Kidigambara huwa uchi na macho yameinama. Ya Kishvetambara huwekewa macho yanayong'aa, na siku za sherehe huvishwa taji na vito.

Kisha tazama kinachofanyika. Muumini wa Kishvetambara huoga, huvaa nguo safi, hujifunika mdomo ili pumzi isiichafue sanamu, na huipaka msandali sehemu tisa za mwili. Haki ya kuwa wa kwanza kufanya hivyo katika siku kubwa hunadiwa hadharani, na anayepanda dau juu zaidi hushangiliwa. Fedha hizo huingia katika mfuko wa hekalu, ambao kwa sheria ya dini hauruhusiwi kutumika ila kwa mahekalu na sanamu. Kanuni hiyo moja inaeleza mengi. Mali iliyokwisha kutolewa haiwezi kurudi mjini kuwa shule au soko. Inabaki mlimani, na njia yake pekee ni kuwa jiwe lingine.

Bandari na biashara

Mali hiyo ilitoka wapi? Kutodhuru viumbe kuliwafanya Wajaini wengi wakwepe kilimo, uvuvi na vita, wakaelekea biashara, fedha na ukarani wa serikali. Gujarat iliwapa bandari. Vastupala wa Abu alikuwa gavana wa Khambhat kuanzia yapata mwaka 1220, na Khambhat ilikuwa miongoni mwa bandari kuu za Bahari ya Hindi, bahari ileile iliyotajirisha Kilwa, Mombasa na Mogadishu. Wachongaji wa Khambhat walifanyia kazi pia wateja Waislamu: mawe yao ya makaburi na nakshi za misikiti yaliuzwa mbali, na vipande vya marumaru hiyo vimepatikana Kilwa. Huko Bhadreshwar, pwani ya Kutch, mfanyabiashara Mjaini wa karne ya 13 aliyeitwa Jagadu husifiwa katika wasifu wake wa Kisanskriti kwa kugawa nafaka wakati wa njaa kuu, kukarabati hekalu, na kujenga msikiti kwa ajili ya wageni wake wa baharini.

Bahari iliendelea kulipia mawe hadi zama za karibu. Tajiri wa Bombay, Motishah, mwenye merikebu zilizofanya biashara na China, ikiwemo ya kasumba, aliamuru bonde lililotenganisha vilele viwili vya Shatrunjaya lifukiwe, na juu yake akajenga boma zima la mahekalu. Alifariki mwaka 1836 kabla halijawekwa wakfu. Mwanawe aliikamilisha kazi. Msomi wa leo hana budi kuyataja yote mawili, uzuri wa boma lile na biashara iliyolilipia.

Jengo lisilokwisha

Kwa Wajaini, kukarabati hekalu la kale kuna thawabu kubwa kuliko kujenga jipya. Kwa hiyo tarehe moja haitoshi kwa hekalu lolote. Ukumbi wa kuba katika hekalu la Vimala, ambao picha zake zimeenea duniani, uliongezwa karne ya 12 na Prithvipala, mtu wa ukoo wake. Mwanzoni mwa karne ya 14 mahekalu yote mawili ya Abu yaliharibiwa na majeshi, yakarekebishwa yapata mwaka 1321. Hekalu kuu la Shatrunjaya lilijengwa upya na waziri Vagbhata katika karne ya 12, na sanamu yake kuu ya sasa iliwekwa na Karma Shah mwaka 1531. Hekalu la Bhadreshwar liliangushwa na tetemeko la mwaka 2001 na tayari limejengwa tena lote.

Hapa ndipo mhifadhi na muumini wanapovutana. Mhifadhi angependa jiwe la karne ya 11 libaki hata likiwa limevunjika pua. Muumini huona kwamba sanamu iliyovunjika haifai ibada, na kwamba kuliacha hekalu lichakae ni kuwatelekeza waliolitoa. Mimi naona pande zote mbili zina haki, lakini namsihi mwanafunzi aanze kwa kumwelewa muumini, kwa sababu bila yeye majengo haya yangekuwa magofu tangu zamani.

Kulinda mahali kumekuwa pia kazi ya sheria na siasa. Mwishoni mwa karne ya 16 mtawala Mwislamu Akbar aliwapa Washvetambara hati ya kulinda milima yao. Taasisi ya Anandji Kalyanji ya Ahmedabad, inayosimamia Shatrunjaya, Ranakpur na kwingineko, ilipata katiba yake mwaka 1880. Mtawala wa Palitana alipotaka kodi kubwa kwa mahujaji, Wajaini waligoma kupanda mlima kuanzia mwaka 1926 hadi 1928. Kwa miaka miwili ngazi zilikaa bila watu, hadi yalipofikiwa makubaliano ya malipo ya rupia 60,000 kwa mwaka. Na mwanzoni mwa mwaka 2023, baada ya maandamano makubwa, serikali ya India ilisimamisha shughuli za utalii katika mlima Parasnath. Kwenye kilele cha Shatrunjaya, jirani na mahekalu, lipo pia kaburi la ziara la Angar Pir, walii wa Kiislamu, ambako wanawake wanaotafuta mtoto huacha vitanda vidogo vya watoto. Mlima mtakatifu haujawahi kuwa wa watu wa namna moja tu.

Taaluma na maswali yake

Wajaini wenyewe ndio walioandika kwanza. Mtawa Jinaprabha Suri, aliyepokelewa katika baraza la Sultani Muhammad bin Tughluq huko Delhi, alikamilisha mwaka 1333 kitabu cha maelezo ya mahali pa hija, kiitwacho Vividhatirthakalpa. Katika karne ya 19 walikuja Waingereza. James Burgess alitoa kitabu cha picha za Shatrunjaya mwaka 1869, na James Fergusson katika historia yake ya mwaka 1876 akayagawa majengo ya India kwa dini, akaunda kundi la "mtindo wa Kijaini".

Mgawanyo huo haukudumu. M. A. Dhaky alionyesha kwamba mafundi walewale waliwajengea Wajaini na Wahindu kwa kanuni zilezile. Hadi leo ukoo wa Sompura, mafundi Wahindu wa Gujarat, ndio wanaoshika kazi kubwa za mahekalu ya Kijaini. U. P. Shah alitujengea msingi wa kuzitambua sanamu. Kisha John Cort na Lawrence Babb waliwageukia waumini wanaoabudu leo, na Julia Hegewald akakusanya usanifu wa India yote katika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Bado kazi ni nyingi. Wanawake waliolipia mahekalu hawajaandikwa inavyostahili. Michoro ya vitambaa inahitaji kusomwa pamoja na daftari za wafanyabiashara. Na historia ya Wajaini waliovuka bahari haijapata wataalamu wa kutosha wanaojua lugha za pande zote mbili za bahari hiyo.

Neno kwa msomaji

Hapo ndipo msomaji wa Afrika Mashariki ana nafasi yake. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Wajaini wa jamii ya Oshwal, kutoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Jamnagar, walihamia Kenya na nchi jirani. Mwaka 1963 waliweka wakfu hekalu la Parshvanatha katika Barabara ya Langoni, Mombasa, ambalo huhesabiwa kuwa hekalu la kwanza la Kijaini lenye mnara wa kanuni za kale kujengwa nje ya India. Mtu wa Mombasa anaweza kuanza somo hili kwa miguu yake. Aombe ruhusa, avue viatu, aache nje mkanda na mkoba wa ngozi, azingatie kimya cha wanaosali, kisha atafute ua, ukumbi, chumba cha ndani, na nyoka juu ya kichwa cha sanamu. Asome pia majina ya waliotoa, pale yalipoandikwa, na awaulize wazee habari zao wakingali hai. Majina ya wafadhili wa Mathura yametufikia baada ya miaka 2,000 kwa sababu mtu aliyachonga. Ya Mombasa, Nairobi na Zanzibar yanangoja watu wa kuyaandika, na kazi hiyo inamtaka mtu ajuaye Kiswahili.